Shetani Alikupitia Mara Ngapi?

Mwanzoni mwa karne ya 3, mjini Alexandria, mwalimu wa Kanisa aliyeitwa Origen alikuwa akiandika juu ya misingi ya imani, akafika mahali pa kuzungumzia vita vya Mkristo na yule mwovu. Hapo akawataja waamini wa kawaida, watu wa imani isiyo na makuu, walioshika kwamba kila dhambi inatoka kwa Shetani moja kwa moja, na kwamba Shetani asingekuwepo hakuna binadamu ambaye angekosa. Origen hakukubaliana nao. Aliwauliza: njaa nayo inaletwa na Shetani? Kiu je? Na yale matamanio ya mwili yanayomjia kijana akishabalehe? Kwake jibu lilikuwa wazi. Mwanzo wa vishawishi umo ndani yetu, katika mahitaji ya kawaida kabisa ya kiumbe mwenye mwili. Adui hupata nafasi pale tunapoliacha hitaji livuke mpaka wake, ndipo anapolishika na kulisukuma lifike mbali kuliko tulivyokusudia.

Waamini wale nawafahamu. Tunasali nao kila Jumapili. Mume akifumaniwa utasikia, "Shetani alinipitia." Mtu akikutwa na upungufu wa fedha za kikundi, "Ni shetani tu, wazee wangu, naombeni mnisamehe." Hata mahakamani, aliyekwisha kutiwa hatiani akipewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, kauli ni hiyohiyo. Na sisi tunaosikiliza tunaipokea upesi, kwa sababu kila mmoja anajua iko siku ataihitaji yeye. Nafundisha mafundisho ya Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, parokiani kwetu, na kauli hii naisikia hata midomoni mwa watoto wa miaka 13. Inaniuma. Inamnyima mtoto nafasi ya kujitazama ndani mapema, wakati moyo bado ni mwepesi kusomeka.

Niseme wazi kwamba Shetani namwamini. Kila Mkesha wa Pasaka tunasimama na mishumaa mikononi, padre anatuuliza kama tunamkataa Shetani na kazi zake zote na fahari zake zote, nami najibu "Namkataa" kwa moyo wangu wote. Kanisa halikuliweka swali hilo pale kwa mapambo. Lakini angalia namna lilivyoulizwa: naulizwa mimi, najibu mimi. Mtu ambaye hana lolote la kukubali wala kukataa hawezi kuulizwa swali la namna hiyo.

Mtume Yakobo, katika waraka wake, ndiye aliyeliandika jambo hili kwa ufupi kuliko wote. "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti." Hapo Shetani hakutajwa kabisa. Na wala si kwamba Yakobo alimsahau, maana sura tatu mbele anaandika, "Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Anamjua vizuri. Ila anapoulizwa kishawishi kinazaliwa wapi, anaonyesha kifua cha mtu mwenyewe. Karne nyingi baadaye Thomas wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, alilichukua swali la Origen akalipima tena: je, dhambi zote zinatokana na ushawishi wa Shetani? Akajibu kwamba kwa mbali ndiyo, kwa kuwa ndiye aliyemshawishi mtu wa kwanza, lakini moja kwa moja hapana, ziko zinazotoka katika hiari yetu na udhaifu wa mwili.

Kuna kikoba kimoja, kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho nakifahamu kwa karibu. Walianza kama wanavyoanza wengi: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kisha sanduku linafungwa. Baadaye wakaona sanduku ni usumbufu na wezi ni wengi, wakahamishia fedha kwenye simu, laini ya mweka hazina. Mama mwaminifu, mtu wa jumuiya, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mwisho wa mwaka, siku ya kuvunja kikoba na kugawana akiba, fedha hazikutimia. Mama akapiga magoti katikati ya watu akasema shetani alimpitia.

Ukumbi ulikuwa umekwisha kulainika. Wengine walishaanza kusema "tumsamehe, ni binadamu." Ndipo bibi mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Shetani alikupitia mara ngapi, mwanangu?"

Aliuliza kwa sababu simu ilikuwa mezani, na taarifa ya miamala ilikuwa inasomeka. Kutoa kwa wakala, shilingi 20,000. Wiki iliyofuata kulikuwa na 20,000 iliyorudishwa. Kisha 50,000, ikarudishwa nusu. Kisha zikaanza kutoka tu. Yule mama alilia sana, halafu akaeleza. Mara ya kwanza ilikuwa ada ya mtoto, shule imemrudisha nyumbani, akajiambia Jumamosi nitarudisha, na kweli akarudisha. Urahisi ule ndio uliomfungua. Mara ya pili hakuona hata aibu, kwa sababu ile ya kwanza ilikwenda salama. Akasema neno ambalo sijalisahau: "Nilianza kuzihesabu kama zangu zilizochelewa."

Ukiyasoma maneno ya Yakobo ukiwa na taarifa ile ya simu mkononi, unayaona yote: tamaa, mimba, kuzaliwa, kukomaa. Na swali la bibi yule lilifanya kazi ambayo mahubiri mengi hayaifanyi. Lilimtoa mama kwenye tukio moja la kupitiwa, likamrudisha kwenye njia ndefu aliyoitembea kwa miguu yake, na njia uliyoitembea kwa miguu yako unaweza kuikumbuka, ukaonyesha mahali ulipokata kona.

Tazama pia alichokitaka. Alitaka mtoto wake asome. Hakuna mzazi atakayelikemea hilo. Hapa ndipo naona ugumu wa kishawishi ulipo, na ndipo tunapowadanganya vijana tukiwachorea kishawishi chenye pembe na mkia. Katika kitabu cha Mwanzo, mwanamke alipoutazama ule mti aliona wafaa kwa chakula, wapendeza macho, ni wa kutamanika kwa maarifa. Chakula, uzuri, maarifa: vyote ni vitu ambavyo Mungu mwenyewe aliviumba na kuviita vyema. Nyoka hakuumba tamaa mpya ndani ya Hawa. Alichofanya ni kumpa njia ya mkato, na kumfanya amshuku yule aliyempa vyote.

Antoni wa Misri, yule mzee wa jangwani aliyefariki mwaka 356, alianza safari yake akiwa kijana yatima wa miaka 18 au 20. Aliingia kanisani akasikia Injili ikisomwa, ukitaka kuwa mkamilifu nenda ukauze ulivyo navyo, akatoka akagawa mashamba ya urithi. Askofu Athanasi, aliyeandika maisha yake, anaeleza jinsi adui alivyomwendea. Watu wengi wanakumbuka picha za madubwana na wanyama wakali, lakini hayo yalifuata baadaye. Silaha ya kwanza ilikuwa kumkumbusha mali aliyoiacha, na dada yake mdogo: nani atamtunza? Na ndugu zake je? Kijana anayejitoa kwa Mungu anajiwa na wazo la kumjali dada yake. Ni nani angedhani kwamba hilo ni jaribu? Kumtunza dada ni wajibu, na Antoni alikwisha kumweka mikononi mwa mabikira wa imani aliowaamini. Wazo lilikuja likiwa limevaa upendo, kusudi limrudishe nyuma.

Bwana wetu mwenyewe jangwani alijaribiwa hivyohivyo. Amefunga siku 40, ana njaa, na anaambiwa afanye mawe kuwa mikate. Njaa yake ilikuwa halali. Anaonyeshwa milki zote za dunia, na baada ya ufufuko atawaambia wanafunzi kwamba amepewa mamlaka yote mbinguni na duniani. Yaani aliahidiwa kitu kilichokuwa kinakuja, ila bila msalaba. Na hata baadaye jaribu lilimjia kwa mdomo wa rafiki. Petro alipomsihi asiende kuteswa Yerusalemu, alisema kwa upendo wa kweli, kama ndugu yeyote angesema. Jibu alilopata lilikuwa kali: "Nenda nyuma yangu, Shetani." Siku hizi nikilisoma fungu lile namfikiria kila mtu anayenipenda ambaye angefurahi nisipate taabu.

Sasa kuna mtu atanipinga, na ana haki. Je, dhambi zote zinatokana na kutaka kitu chema vibaya? Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alilikabili swali hili bila kujihurumia. Alipokuwa na miaka 16, yeye na wenzake usiku wa manane waliutikisa mti wa mapeasi wa jirani wakabeba mzigo mzima. Mapeasi yale hayakuwa mazuri wala matamu. Kwao Augustino yalikuwepo bora zaidi. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, anaandika kurasa na kurasa juu ya wizi ule mdogo, na wapo wasomaji wanaomwona amezidisha. Mimi naona hakuzidisha hata kidogo. Alikuwa anatafuta mzizi. Hakuwa na njaa, hakuwa na ada ya kulipa, tunda lenyewe hakulipenda. Basi alipenda nini? Anakubali kwamba alipenda ule ubaya wenyewe, ladha ya kufanya lisiloruhusiwa. Kisha anachimba tena na kuona kitu cha pili: peke yangu nisingefanya. Wenzake wanasema twende, na unaona aibu ya kukosa kuwa mtovu wa aibu.

Sijapata maelezo bora zaidi ya mambo yanayotokea kwenye makundi ya vijana wetu wa bodaboda, au bwenini usiku taa zikishazimwa. Hata hapo chini kabisa Augustino anaona kivuli cha jambo jema: mtumwa anayetaka kuonja uhuru wa Mungu, kufanya apendalo bila kuulizwa na mtu. Tamaa ya uhuru tumeumbwa nayo, ikapinda. Lakini nakiri kwamba ukurasa ule unatisha, kwa sababu unaonyesha kwamba binadamu anaweza kuvutwa na shimo kwa kuwa tu ni shimo.

Upande mwingine wako wanaoumia bila sababu. Kila mwaka katika darasa la Kipaimara huwapo kijana, mara nyingi yule mtulivu kuliko wote, ambaye hapokei Komunyo kwa kuwa wazo fulani linamjia na anaamini kuja kwake tayari ni dhambi. Kwa huyo nina rafiki wa zamani, Evagrius, shemasi aliyetoka Constantinople akaishia kwenye vibanda vya wamonaki wa jangwa la Misri, akafariki mwaka 399. Aliyaorodhesha mawazo 8 yanayomvamia mtu: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kujisifu bure na kiburi. Kanuni yake ni hii: mawazo hayo yakusumbue au yasikusumbue, hilo haliko mikononi mwako; bali yakae au yasikae, yaamshe hisia kali au yasiamshe, hilo ndilo lako. Augustino naye aligawa hivyohivyo: wazo linapendekezwa, mtu anapendezwa, mtu anakubali. Dhambi inakamilika kwenye kukubali. Ndiyo maana Waraka kwa Waebrania unaweza kusema kwamba Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.

Evagrius nampenda pia kwa jinsi alivyokuwa na jicho. Anaeleza uchovu wa roho unavyomwingia mmonaki kuanzia saa nne hadi saa nane, na wao walihesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Jua linaonekana halisogei, siku inakuwa kama ina saa 50. Mmonaki anachungulia dirishani, anatoka nje kutazama jua lilipofika, anaanza kuchukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anawaza kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Nani kati yetu hajakaa ofisini au dukani saa sita mchana akiwa katika hali hiyo, simu mkononi, akipekua picha za watu walio mahali pengine? Vishawishi vingi vya usiku vinapandwa saa hizo.

Kuna jambo ambalo sisi Wakatoliki na ndugu zetu Walutheri tumelibishania sana: je, ile tamaa inayobaki baada ya ubatizo ni dhambi yenyewe? Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, linaiita dhambi ya kweli ile hali tunayozaliwa nayo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1546 ukasema kwamba kwa aliyebatizwa tamaa hiyo imebaki ili tupambane nayo, inatoka katika dhambi na kuelekeza kwenye dhambi, lakini haimdhuru asiyeikubali. Nasimama na Trento, hasa kwa ajili ya yule kijana mtulivu. Ila nikimsikia Paulo akilia katika Warumi kwamba "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo," naelewa kwa nini Luther hakutaka kulipunguza jambo hili uzito.

Na Mungu je? Maandiko yanasema alimjaribu Ibrahimu, na Kumbukumbu la Torati linasema aliwapitisha Israeli jangwani awajaribu, kuyajua yaliyo moyoni mwao. Yakobo anasema hamjaribu mtu. Naona mambo mawili yenye nia tofauti. Mungu anaweza kukupeleka mahali ambapo moyo wako utaonekana, akitaka usimame. Kukuvuta ili uanguke, hilo hafanyi kamwe. Adamu alipojitetea alisema, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Sikiliza neno "uliyenipa". Amemlaumu mke na Mungu kwa pumzi moja. Hawa akamlaumu nyoka. Kauli ya kupitiwa na shetani ni ya siku nyingi kuliko makanisa yote.

Ndiyo maana sina raha na maombezi yanayogawa pepo kwa kila udhaifu: pepo wa ulevi, pepo wa madeni, pepo wa uzinzi. Sibezi maombezi. Nimewaona watu wakifunguliwa. Lakini mwanaume anaombewa pepo wa ulevi Ijumaa, anaanguka, anapiga kelele, anainuka akitokwa na jasho, na Jumamosi jioni anarudi nyumbani kwa njia ileile inayopita mbele ya baa ileile, mshahara wote mfukoni, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba njia nayo ina neno. Wazee wetu wa imani waliita hizi nafasi za dhambi, wakatufundisha kuziepuka. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea, na mara nyingi mlango huo ni kitu cha kawaida sana, kama kubadili njia, au mke kupewa mshahara kabla ya jua kuzama. Kikoba kile kimerudi kwenye sanduku na kufuli tatu. Mama yule amebaki mwanachama, analipa kidogokidogo, na ni yeye aliyependekeza sanduku lirudi.

Ignatius wa Loyola, askari aliyejeruhiwa Pamplona mwaka 1521 na kuanza kuusoma moyo wake akiwa kitandani, aliandika kwamba adui hutenda kama mpenzi wa hila anayemrubuni binti wa watu: analolitaka kuliko yote ni kwamba binti asimwambie baba yake. Siri ikitoka, mpango umekwisha. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, lile vuguvugu la toba lililowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda miaka ya 1930, walilijua hili bila kumsoma Ignatius. Walikaa pamoja wakaweka mambo nuruni, kila mtu kwa jina la jambo lenyewe: niliiba, nilidanganya, namchukia fulani. Yako yaliyovurugika humo, maana kuna mambo ya kusemwa mbele ya mtu mmoja tu. Lakini hawakusema walipitiwa. Nasi kila Misa tunajipiga kifua tukisema "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana," kisha tunawaomba ndugu zetu watuombee.

Watoto wa Kipaimara nimeanza kuwapa kazi moja ndogo. Wamtafute mtu mmoja wanayemwamini, shangazi, babu, padre, yeyote, wamwambie jambo linalowavuta kabla hawajalifanya. Wengi wanashtuka, wanajua kuungama baada ya kukosa, hili la kabla hawajawahi kulisikia. Nawasomea habari za Gethsemane, bustani ambamo Yesu alisali usiku wa kukamatwa kwake. Luka anasema Ibilisi alimwacha Yesu jangwani "kwa muda" tu, na usiku ule muda ulikuwa umetimia. Yesu hakuchagua kupambana peke yake. Aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana akawaambia, "Kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Mwaka jana binti mmoja aliuliza, "Sasa mwalimu, kama nao wakilala?" Nikamwambia Yesu alirudi kuwaamsha, na aliwarudia tena na tena.